Baiskeli ya Umeme: Tazama Breki Kabla ya Mota

Huko Ngombezi, penye mashamba ya mkonge ya Korogwe, baiskeli ni miguu ya familia. Alfajiri humfikisha mtu kazini, na jioni hurudi na gunia kwenye keria. Siku hizi zipo mota ndogo za umeme ziwezazo kufungwa katika gurudumu la baiskeli. Je, yafaa ununue mpya, ama uigeuze ile uliyo nayo?

Anza na betri, kwani ndiyo ilayo fedha nyingi. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 huhifadhi wati-saa 360, ambazo hazifiki hata nusu ya uniti moja ya umeme. Ukiendelea kupiga pedali katika njia tambarare, yatosha takriban kilomita 30. Mzigo, mchanga na mlima hupunguza mwendo huo. Betri ya lithi ya kiasi hicho ina uzito wa kilo 3 hivi, na ile ya risasi hupita kilo 10. Ya risasi ni rahisi dukani, lakini siku itakapoishiwa njiani, utausukuma uzito huo kwa miguu yako mwenyewe.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wauzaji aghalabu hawalitaji. Baiskeli zetu za zamani hufunga breki kwa vyuma vinavyovuta mpira chini ya ringi. Gurudumu linalouzwa pamoja na mota kwa kawaida lina ringi ya namna nyingine, ambayo breki hizo haziishiki. Pengine hata tairi lako halienei. Hapana budi fundi aifunge mota katika ringi yako ya zamani kwa spoku fupi zaidi, mradi matundu ya ringi na ya mota yalingane kwa idadi. Tena aweke chuma cha kuizuia ekseli isizunguke ndani ya uma. Ikiwa fremu ina ufa, au breki haishiki hata leo bila mota, usiigeuze kamwe.

Ukinunua mpya, usivutwe na kasi. Panda kwanza. Kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu na unyooke. Usukani usikulazimishe kuinama. Tairi liwe nene, na tandiko liwe na springi. Mota haiponyi mgongo ulioumizwa na tandiko baya.

Nyumbani, chaji betri mahali pakavu, mbali na kitanda na mlango wa kutokea, nawe ukiwa macho. Barabarani vaa kofia ngumu, maana mabasi ya barabara kuu hayajui kwamba baiskeli yako imeongezewa nguvu.

Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Fedha ya kwanza iende kwenye breki, ya pili kwenye tandiko, mota ifuate.