Kiwavi Hasubiri Bajeti

Kiwavijeshi vamizi aligunduliwa Afrika Magharibi mwaka 2016. Mwaka uliofuata alikwishafika Rukwa, kanda moja na mahindi ya Mbeya na Iringa. Nondo wake anaweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja. Idhini ya kununua dawa haina mbio hizo, na dawa ikichelewa humkuta kiwavi amekwishajichimbia kwenye moyo wa mche, kajifunika kinyesi chake, bomba la mgongoni halimfikii.

Mwanaikolojia wa wadudu, awe amesomea Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) au anafanya kazi kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, Mbeya, huanza kwa kuhesabu: mayai mangapi, viwavi wa umri gani, na nani anawala. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwakuta Kenya na Tanzania nyigu wadogo, wakiwemo Charops ater na Coccygidium luteum, ambao watoto wao hukua kwa kumla kiwavi huyu. Mradi unaopima mafanikio kwa lita za dawa zilizogawiwa huwaua nyigu hao pia, wala hauwaandiki popote.

Mwaka huohuo watafiti wa ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa Nairobi na Thomas Odhiambo mwaka 1970, walieleza kuwa majani ya desmodiamu yakipandwa katikati ya mistari ya mahindi na ya brakiaria pembezoni, viwavi hupungua kwa zaidi ya asilimia 80. Takwimu hizo zilitoka mashambani Kenya, Uganda na Tanzania.

Lakini kila shamba lina mwenyewe. Rungwe, mwenye ng'ombe wa maziwa bandani huyaona majani hayo kuwa malisho, hivyo anafaidika hata kabla ya kuvuna. Kwa aliyekodi shamba msimu mmoja, majani ya kudumu miaka kadhaa ni kumpandia mwenye ardhi. Tena kwenye joto la Ismani, Iringa, kiwavi hukua haraka kuliko kwenye baridi ya Uyole, kwa hiyo ratiba moja ya ukaguzi haiwezi kutumika kote.

Tofauti hizi hujulikana kwa kurudi mashamba yaleyale mwaka hadi mwaka, ilhali fedha za mradi huwa na mwisho. Mradi ukifungwa, mitego ya kunasa na kuhesabu nondo hubaki bila msomaji. Halmashauri zingeweka kazi ya kuhesabu kwenye bajeti ya kawaida, inayoanza Julai, afisa ugani angekuwa shambani Novemba mvua zinapoanza, kabla kiwavi hajaingia ndani ya mche.