Je, Fyuzi Ghali Hupendezesha Sauti ya Muziki?

Sajini mmoja aliyerejea kutoka kazi ya kulinda amani Mogadishu alitujia na swali ambalo hatukuona haki kulijibu kwa maneno mawili. Kwa akiba yake alikuwa amenunua amplifaya iliyokwisha kutumika na spika mbili kubwa, akazifunga nyumbani, na jamaa yake wakafurahi. Kisha mwuzaji mmoja wa vyombo vya muziki akamwambia kuwa vyombo hivyo havijaonyesha hata nusu ya uwezo wao, kwa sababu fyuzi iliyomo ni ya kawaida. Akaonyeshwa nyingine, yenye vifuniko vilivyopakwa dhahabu na mshale mdogo ubavuni, bei yake dola 150. Akaambiwa sharti mshale uelekee ndani ya chombo, la sivyo sauti itafifia. Kwa sajini mwenye watoto shuleni, dola 150 si fedha ya mchezo. Alitaka kujua kama anashauriwa au anaibiwa.

Tusicheke upesi. Fyuzi za namna hiyo zinauzwa kweli Ulaya, Marekani na Asia, nyingine kwa mamia ya dola, na miongoni mwa wanunuzi wamo watu wenye elimu na akili timamu walio tayari kuapa kwamba baada ya kuzitia walisikia ngoma zikishuka chini zaidi na sauti ya mwimbaji ikitoka safi. Anayeapa hivyo si lazima awe mwongo. Kila mpelelezi anajua kwamba shahidi mkweli naye hukosea.

Fyuzi ni waya mwembamba uliofungiwa ndani ya mrija wa kioo au wa kauri. Ile ya ndani ya amplifaya aghalabu ina urefu wa milimita 20 na upana wa milimita 5. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kufa ili chombo kipone: umeme ukizidi kipimo, waya huyeyuka na njia hukatika. Siku nyingine zote hukaa kimya, ikiwa sehemu fupi mno ya njia ndefu mno. Umeme utokao bwawa la Nalubaale pale Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, una kilomita 80 hivi za nyaya hadi Kampala, tena hupitia transfoma baada ya transfoma, ndipo ufike kwenye zile milimita 20.

Na huo mshale? Umeme wa majumbani mwetu ni mkondo geu. Huenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Hauingii chomboni kama kikosi kiingiavyo lango la kambi, bali ni mfano wa mlinzi wa zamu atembeaye huku na huko mbele ya lango. Kama upande mmoja wa waya ungekuwa mwema na wa pili mbaya, basi nusu ya muda umeme ungepita upande mbaya, hata mshale uelekezwe wapi. Zipo pia fyuzi za ndani zaidi zipitishazo mkondo mnyoofu, uendao upande mmoja tu, lakini hata hapo waya wa kawaida hupitisha umeme sawasawa uwekwapo hivi au hivi. Kuugeuza si kitu.

Kuhusu ubora wa waya wenyewe, hesabu ndogo yatosha. Fyuzi ya kawaida ya ampea 3 ina ukinzani wa sehemu chache tu za mia za omu. Tuseme ni 0.05. Amplifaya ikivuta ampea 1, fyuzi hupunguza volti 0.05 kati ya volti 240. Jirani akiwasha pasi au jiko la umeme, volti katika nyumba zenu zaweza kushuka kwa volti nzima au zaidi, na hakuna aliyewahi kuinuka kitini akilalamika kuwa mwimbaji amebadilika sauti. Hata fyuzi isiyo na ukinzani kabisa, kama ingekuwapo, ingeokoa zile volti 0.05 tu.

Hata hivyo, hatuna budi kuwa waadilifu. Ziko amplifaya na spika ambazo fyuzi yake imewekwa katika njia ya muziki wenyewe, yaani kati ya amplifaya na spika. Hapo sauti nzito hupasha waya moto na kuuacha upoe, ukinzani ukipanda na kushuka pamoja na muziki, na vyombo vya kupimia huonyesha kasoro, hasa fyuzi ikiwa ndogo na muziki ukiwa mkubwa. Lakini dhahabu ya vifunikoni haiondoi tabia hiyo, maana ni lazima waya upate moto ndipo uyeyuke. Tena fyuzi iliyokaa miaka mingi huweza kushika kutu kwenye vishikio vyake. Ukiitoa na kuirudisha, msuguano husafisha mguso. Mtu akisikia nafuu hapo, huisifu fyuzi mpya kwa kazi ya msuguano.

Tulimshauri sajini afanye gwaride la utambulisho. Askari polisi wanajua kanuni: shahidi haambiwi mshukiwa ni yupi, wala mpelelezi wa kesi hasimamii gwaride. Mwuzaji alikubali kumwazima ile fyuzi kwa siku moja. Koplo rafiki yake akakaa nyuma ya pazia, na kila duru alizima chombo, akachomoa plagi, akarusha sarafu, akatia fyuzi iliyoangukiwa na kura, kisha akaondoka bila kusema neno kabla sajini hajaingia kusikiliza wimbo uleule kwa sauti ileile. Duru zilikuwa 10. Kwa kubahatisha mtu hupata 5 hivi. Kupata 9 au zaidi kwa bahati hutokea takriban mara 1 katika 93. Sajini alipata 6.

Lakini gwaride lilimtoa mkosaji mwingine. Koplo alipofungua kishikio mara ya kwanza, aliona nyuma ya amplifaya pameandikwa T3.15A, yaani fyuzi ya ampea 3.15 isiyokatika upesi, iwezayo kustahimili mshtuko wa transfoma wakati wa kuwasha. Iliyokuwamo ilikuwa ya ampea 10. Pengine mwenyewe wa kwanza alichoka kuunguza fyuzi, akatia nene. Transfoma ingepata hitilafu usiku, nyaya zake zingeweza kuungua muda mrefu kabla ya fyuzi ile kukatika, na watoto wa sajini hulala chumba cha pili.

Fyuzi ya T3.15A alinunua dukani siku hiyohiyo, kwa bei isiyozidi chupa ya soda. Ile yenye mshale ilirudi kwa mwuzaji.