Feni ya Pikipiki Isipozunguka: Tafuta Kosa Kabla ya Kununua



Siku hizi mizigo mingi ya skimuni haibebwi na punda peke yake. Pikipiki ya magurudumu matatu ndiyo ipelekayo maziwa penye mtambo wa kupozea, viazi sokoni na mbolea shambani. Nyingi za pikipiki hizi zina injini inayopozwa kwa maji. Maji ya moto hutoka katika injini, huingia katika rejeta, na hapo hupozwa na upepo. Pikipiki ikienda polepole na mzigo mzito, au ikisimama huku injini inanguruma, upepo hautoshi. Ndipo feni ya stima iliyo nyuma ya rejeta inapotakiwa kuzunguka.

Feni ikikataa, injini huchemka. Ikichemka sana, gasketi huungua na hedi hupinda, na maji huingia katika oili hata oili ikafanana na chai ya maziwa. Matengenezo hayo huweza kula pesa zote za mbegu. Kwa hiyo yafaa kila mwenye pikipiki ya namna hii ajue kutafuta kosa.

Wengi, waonapo feni haizunguki, hukimbia dukani kununua feni mpya. Wakiifunga, nayo haizunguki! Sababu ni kwamba kosa halikuwa katika feni. Fikiri juu ya mfereji wa maji shambani. Tuta likikauka huchimbi tuta jipya. Huufuata mfereji toka mwanzo uone maji yamekatika wapi. Stima ya feni nayo ina mfereji wake. Hutoka katika betri, hupita katika fyuzi na ufunguo, huingia katika mota ya feni, kisha hurudi katika betri kwa njia ya chuma cha pikipiki. Swichi ya joto ndiyo lango: maji yakipata moto wa kutosha lango hufunguka, yakipoa hufungwa.

Kabla ya kuanza, shika mambo mawili. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto, kwa maana maji yatakurukia usoni. Tena usitie kidole katika feni kabla ya kuondoa waya wa betri, kwa kuwa feni nyingine huanza kuzunguka ghafula hata ufunguo ukiwa umezimwa.

Haya, tuufuate mfereji hatua kwa hatua.

1. Je, feni ni mgonjwa kweli? Katika baridi ya asubuhi, pikipiki ikiwa tupu na barabara ikiteremka, feni huweza isizunguke hata mara moja, na hilo si kosa. Washa injini pikipiki ikiwa imesimama, ungoje huku ukitazama mshale au taa ya joto. Ikiwa mshale wapanda kufika alama nyekundu na feni imenyamaza, zima injini upesi. Hapo kuna kosa.

2. Tazama maji. Injini ikiisha kupoa kabisa, fungua kifuniko. Swichi ya joto hupima maji yanayoigusa. Maji yakipungua, swichi hubaki katika hewa, haioni joto, nayo haiiti feni hata injini ikiwa inaungua. Jaza maji safi yaliyochanganywa na dawa ya rejeta, kisha tafuta mahali yanapovujia.

3. Tazama fyuzi. Itoe uishike kwenye mwanga. Kama uzi wa ndani umekatika, tia nyingine yenye namba ile ile. Katika fyuzi bapa za plastiki, nyekundu ni 10, buluu ni 15 na ya manjano ni 20. Usitie iliyo kubwa zaidi, wala usifunge kipande cha waya mahali pa fyuzi, maana stima ikizidi waya huungua na pikipiki pia. Fyuzi mpya ikikatika mara moja, kuna waya uliochubuka au mota ya feni imekwama.

4. Izungushe feni. Ondoa waya wa betri, kisha sukuma panga za feni kwa kidole. Zapasa kuzunguka kwa wepesi. Matope yaliyokauka na majani makavu huingia humo na kuifunga. Ondoa uchafu, na usafishe rejeta pia kwa maji yasiyo na nguvu nyingi ili usipinde mapezi yake.

5. Iulize betri. Rudisha waya wa betri, chomoa plagi ya feni, kisha chukua nyaya mbili, mmoja ukiwa na fyuzi, uipe feni stima moja kwa moja kutoka katika betri ya volti 12. Angalia usigeuze nyaya, kwa sababu feni itazunguka kinyume na kusukuma upepo upande usiotakiwa. Ikizunguka kwa nguvu, feni yako ni nzima, hifadhi pesa zako. Isipozunguka, mota imekufa, na sasa waweza kununua feni bila ya mashaka.

6. Jaribu swichi ya joto. Kama feni ni nzima, rudisha plagi yake na ufungue ufunguo. Swichi hukaa katika rejeta au karibu na hedi. Ikiwa ina nyaya mbili, chomoa plagi na uunganishe nyaya hizo kwa kipande cha waya. Ikiwa ina waya mmoja, ugusishe waya huo na chuma cha injini. Hakikisha kwanza kwamba ni swichi ya feni, si ya mshale wa joto. Feni ikizunguka sasa, swichi ndiyo mbovu. Lakini kama pikipiki yako ina kompyuta ya kuongoza petroli, usifanye jaribio hili. Mwachie fundi mwenye chombo cha kuipima.

7. Nyaya na rilei. Isipozunguka hapo pia, stima imekatika njiani. Tazama kila plagi kama ina kutu, na mahali waya mweusi unapofungwa kwenye chuma. Kama pikipiki hulala karibu na ghala ya mahindi, tafuta meno ya panya. Pikipiki nyingine zina rilei, kisanduku kidogo kinacholia "ta!" kinapofanya kazi. Kikilia na feni isizunguke, badilisha rilei au tengeneza waya utokao humo.

Wakulima wa nyanda za juu wana jambo moja zaidi la kujua. Mafundi wengine huitia swichi katika sufuria ya maji yanayochemka, na isipofanya kazi huitupa. Lakini mahali kama Kinangop na Ol Kalou, zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, maji ya sufuria huchemka kwa nyuzi 92 tu au karibu na hapo, si 100 kama Mombasa. Swichi iliyoandikwa 95 haitafanya kazi katika sufuria hiyo, nayo ni nzima kabisa! Ndani ya rejeta maji hupata moto kupita hapo kwa sababu kifuniko huyabana. Kwa hiyo soma namba iliyo juu ya swichi kwanza. Na kifuniko kilicholegea kibadilishwe, kwa maana bila ya kubanwa maji huchemka mapema zaidi huko juu.

Je, feni ikifia njiani na maziwa yamo? Simama, zima injini, elekeza rejeta upande upepo unakotoka, ungoje ipoe. Usimwagie injini ya moto maji baridi, chuma chaweza kupasuka. Ikipoa, waweza kuiunganisha feni na betri kama katika hatua ya tano, ufike penye mtambo. Ukifika, kumbuka kuuondoa waya huo, ama sivyo kesho asubuhi betri itakuwa imekufa, na maziwa ya kesho nayo yatakungoja.