Risasi Iitwayo "Paka wa Mwitu"

Wasomaji wengi wamepata kuona ganda tupu la risasi lililotupwa porini, wala hawakulidhania kuwa kitu cha thamani. Lakini huko Marekani wako watu ambao huliokota ganda kama hilo, wakalibana shingo, wakalijaza baruti upya, na kupata risasi iendayo mbio kuliko nyingi zinazouzwa madukani. Risasi ya namna hiyo huitwa "paka wa mwitu", kana kwamba haina bwana, kwani hapana kiwanda kiitengenezacho.

Yafaa kwanza ifahamike kwa nini mbio zatafutwa. Risasi haiendi sawasawa kama uzi uliovutwa. Mara itokapo mdomoni mwa bunduki huanza kuanguka, na katika robo ya sekunde huwa imekwisha kushuka kadiri ya futi moja. Iendayo mbio zaidi huwa imefika mbali zaidi katika robo hiyo, na mpiga shabaha hana haja ya kukisia sana. Walioitamani hasa ni wale waliotaka kumpiga kutoka mbali mnyama mdogo mfano wa pimbi, achimbaye mashimo malishoni mwa ng'ombe.

Mwaka 1915 kampuni ya Savage ilitoa risasi iitwayo .250-3000, na hizo 3,000 ni futi ilizokwenda kwa sekunde moja. Katika miaka ya 1930 mafundi kadhaa walilibana ganda lake ili lishike kichwa chembamba zaidi, cha inchi 0.224. Baruti ilibaki karibu ile ile, mzigo ukapungua, mwendo ukazidi. Paka huyo, .22-250, alikaa bila bwana hata mwaka 1965, kampuni ya Remington ilipoanza kumtengeneza kiwandani.

Kazi yenyewe hufanyika mezani. Ganda husukumwa katika kalibu ya chuma, fataki mpya hutiwa kitakoni, baruti hupimwa kwa mizani ndogo, kisha kichwa hukazwa shingoni. Bunduki nayo sharti ichongwe upya chumba cha risasi. Hapo ndipo penye hatari, kwa maana risasi ya kiwandani huja imekwisha kupimwa, lakini hii haina wa kuidhamini. Baruti mbili zaweza kufanana kwa macho, moja ikiungua polepole na nyingine kwa ghafula. Aliyekosea mkebe aweza kuipasua bunduki mbele ya uso wake. Fundi mwenye busara huanza na baruti chache, huongeza kidogo kidogo, na kulitazama kila ganda. Fataki ikiwa bapa kupita kiasi, au komeo likiwa gumu kufunguka, huacha mara moja. Na dalili hizo zenyewe huchelewa kuonekana. Zikishaonekana, nguvu imekwisha kupita kiasi.

P. O. Ackley, fundi wa bunduki huko Utah aliyeyapima mambo haya kwa bidii, alipata kulichukua ganda la .378 Weatherby, risasi ya kupigia wanyama wakubwa, akalibana lishike kichwa kidogo cha .22. Akalipa jina la mzaha, Eargesplitten Loudenboomer, nasi hatutajaribu kulifasiri. Shabaha yake ilikuwa kupita futi 5,000 kwa sekunde. Mwendo ukakoma kwenye futi 4,600 hivi. Baruti ilikuwa nyingi mno kwa tundu dogo vile, kama mtu amiminaye pipa zima la maji katika shingo ya chupa. Tena mwali wa baruti nyingi hivyo hula chuma cha mtutu pale unapoingilia, na bunduki iliyonunuliwa kwa fedha nyingi ikaanza kukosa shabaha mapema, hata mwenyewe akalazimika kutafuta mtutu mwingine.