Unauza kabureta na eya klina mtandaoni? Uliza maswali haya manne kabla hujapokea hela

Leo naongea na sisi tunaouza spea kwa simu: unapiga picha, unaweka bei, mteja anatuma hela, mzigo unapanda daladala kwenda Makunduchi au boti kwenda Pemba. Mie niko Mlandege, nauza spea za pikipiki za zamani: Vespa, Honda 50, 70 na 90, CG125 na XL. Skuli niliishia fom foo. Ufundi nimeupata kwa kukaa na mafundi na kufungua kabureta moja moja.

Biashara hii ina jambo lake: kitu cha bei ndogo kinaweza kuua injini nzima. Na injini ikifa, mteja hasemi fundi kakosea. Anasema "yule wa Mlandege kaniuzia feki", na analisema kwenye magrupu yote.

KWANZA UJUE UNACHOUZA

Injini ya petroli inataka hewa na mafuta kwa kipimo. Kwa uzito ni karibu kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Eya klina ndo mlango wa hewa, jeti ndo mlango wa mafuta. Ukigusa mmoja, wa pili nao unadai.

Sasa kijana anataka mlio. Anaona picha ya eya klina ya wazi, ile ya koni, anaagiza. Anang'oa boksi la kiwandani, anafunga koni, jeti anaiacha ile ile. Hewa imezidi, mafuta yamebaki pale pale. Pikipiki inakatakata ukivuta resi, na injini inachemka kupita kiasi.

Kwenye Vespa za zamani ni hatari zaidi, kwa sababu oili ya kulainisha injini inaingia pamoja na petroli. Vespa PX ya kuchanganya kwa mkono inataka asilimia 2, yaani oili mililita 100 kwa petroli lita 5. Petroli ikipungua ndani ya injini, oili nayo imepungua. Joto juu, ulaini chini, pistoni inakwama kwenye silinda. Imenoki hiyo. Kwa koni ya bei ndogo, mtu anatafuta silinda na pistoni.

MASWALI MANNE

1. Kabureta yako ni ya kampuni gani?
Usiridhike na jibu "ya Honda". Chombo cha zamani kishapita mikono mingi. PX kwa kawaida ilitoka kiwandani na Dell'Orto, Honda nyingi zilitoka na Keihin, lakini leo unaweza kukuta imefungwa kabureta nyengine kabisa. Mwambie apige picha ubavuni, maandishi yaonekane. Namba za jeti hazilingani: jeti ya Dell'Orto namba 100 maana yake tundu la milimita 1, lakini jeti kubwa za Mikuni za kichwa cha pembe sita namba yake inapima mafuta yanayopita. Namba moja, jeti mbili tofauti.

2. Eya klina yako ni ya aina gani, na boksi lake lipo?
Ya karatasi haioshwi wala haipakwi oili, ikichafuka inabadilishwa. Ya sponji inaoshwa kwa maji ya sabuni, inakaushwa vizuri, inapakwa oili kidogo na kukamuliwa. Mteja wa shamba anayepita njia za vumbi na mchanga, mie namshauri abaki na boksi lake la kiwandani. Mchanga ukiingia kwenye silinda unakwangua kama msasa. Aking'ang'ania koni, muuzie pamoja na jeti kubwa zaidi za namba mbili tatu ajaribishe, na umwambie anaanza na ile kubwa kabisa halafu anashuka.

3. Plagi ina rangi gani?
Aendeshe mpaka injini ipate moto, azime, ikipoa aifungue, apige picha. Nyeusi yenye masizi makavu: mafuta mengi, au eya klina imeziba. Nyeupe: hewa nyingi, asiendelee kuendesha hivyo. Rangi ya chai ya maziwa: iko sawa, na pengine hahitaji kununua kitu.

4. Imekaa muda gani bila kuwashwa?
Petroli ikikaa inaacha gundi, na jeti ndogo ya silensa inaziba mwanzo. Dalili yake: inawaka kwa choki, ukiiacha inazima. Huyo hahitaji kabureta mpya. Muuzie gaskiti na jeti, mwambie aisafishe kwanza.

TUMA NA MAELEKEZO

Kila mzigo wa kabureta natuma na vois noti. Injini ipate moto kwanza. Skrubu ya kuchanganya ifungwe taratibu mpaka igote, isikazwe, kisha ifunguliwe mzunguko mmoja na nusu. Hapo aende robo robo mpaka injini izunguke juu kabisa, halafu ashushe silensa. Skrubu ikiwa upande wa injini, kuifungua ni kuongeza mafuta. Ikiwa upande wa eya klina, kuifungua ni kuongeza hewa. Hapa hata mafundi wanabishana, kwa hiyo liseme wazi.

FAIDA IKO WAPI?

Tuseme jeti inakupa faida ya elfu mbili. Ikirudi kutoka Pemba, nauli ya kwenda na kurudi tu inaila yote, na siku mbili zimepotea. Maswali manne yanachukua dakika tano. Yaweke kwenye majibu ya haraka ya WhatsApp Business, na picha alizotuma mteja usizifute. Siku ya ubishi ndo ushahidi wako.

Kuna mauzo utayakosa. Nimeshawaambia wateja "usinunue, safisha tu", na hela ya siku ile ikaenda. Lakini mtu uliyemuokolea elfu hamsini akitaka tairi, kebo au plagi, hakumbuki duka jengine.

Hata kama huuzi spea, unauza viatu, chaja au vipuri vya cherehani, kanuni ni ile ile: jua kitu chako kinakwenda kufungwa wapi, ndo upokee hela.