Unga unaenda wapi? Sikloni ya mashini ya kusaga

Wandugu wanamemba, kando ya mashini ya kusaga ya nyundo munaona kila mara lile bati lililosimama: pana juu, jembamba chini, sawa karatasi iliyokunjwa ya kuuzia karanga. Jina lake ni sikloni. Wengi wanafikiri ni bomba tu la kupitisha unga. Hapana. Njo inatenga unga na upepo, na ikiharibika, unga wa mteja unaenda kwa jirani.

Kazi inaenda hivi. Nyundo zikisha kuvunja mahindi ao muhogo, upepo wa mashini unavuta unga kupita chekeche na kuusukuma katika bomba mpaka juu ya sikloni. Bomba hilo haliingii katikati. Linaingia pembeni, likifuata ukuta, kusudi upepo uanze kuzunguka mbio. Ukikata kona na pikipiki, mzigo unavutwa upande wa inje. Chembe za unga ni vilevile: ni nzito kuliko hewa, hazijui kukata kona. Zinapiga ukuta, zinapoteza mwendo, zinateremka katika gunia. Hewa yenyewe inageuka kule chini, inapanda katikati na kutoka kwa bomba la juu. Ndani hamna chombo kinachozunguka, ni upepo peke yake.

Karakana za mbao zinakusanya vumbi kwa njia hiyohiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Mwingereza James Dyson alianza kuijaribu katika mashini ya kufyonza vumbi la nyumbani. Alitengeneza mifano 5127 mbele ya kuridhika! Chembe ndogo sana zinahitaji mzunguko mkali, na koni nyembamba njo inauleta. Ni sababu mashini nyingi za namna ile zina vikoni vidogo vingi.

Sikloni yetu ni moja na ni pana, basi vumbi laini kabisa linaponyoka juu. Njo lile linalomfanya msagaji akohoe usiku. Fungeni mfuko mrefu wa kitambaa kwenye bomba la juu: hewa inapita, vumbi linabaki. Nailoni isiyopitisha hewa haifai. Mukute kitambaa kila siku, mashini ikiwa imezimwa. Kikiziba, upepo unakosa njia na unga unarudi kwa mdomo wa mashini. Vumbi likijaa nyumba, moto mdogo unatosha kulilipua. Tarehe 2/5/1878 kinu kikubwa cha Washburn, huko Minneapolis, Marekani, kililipuka hivyo, watu 18 wakafa. Basi kibatari na sigara vibaki inje.

Lakini pa kuangalia zaidi ni chini. Gunia likijaa mpaka ndani ya koni, upepo unaokota unga uliokwisha kuanguka na kuutupa inje kwa juu. Badilisheni gunia mbele lijae. Shingo yake ifungwe kabisa. Kipande cha mpira wa ndani wa kinga kinatosha. Na musipige koni na nyundo ili unga ulioganda uanguke: kila bonde kwenye bati linavuruga mzunguko. Unga unaganda juu ya mahindi hayakukauka, dawa ni kuyarudisha kwa jua.

Wenye mizani wapime: kilo za mahindi yaliyokauka yaliyoingia, kilo za unga na pumba zilizotoka. Kupungua kidogo ni kawaida, joto linakausha unga. Kama kilo nyingi zinakosekana, muangalie bati la paa juu ya sikloni: likiwa jeupe, mumeziona.