Pumu: musiseme tu “ndiyo, dokta”

Wasikilizaji na wasomaji wetu wa Butembo na Beni, tuanze na mufano tuliotunga wenyewe, lakini wengi watajitambua ndani. Mama mumoja mwenye pumu, ile wengi wanaita asma, anatoka kwa munganga na ordonansi ya pompi mbili. Munganga alimuuliza: “Umesikia?” Akajibu: “Ndiyo, dokta.” Kufika ku famasi anauliza bei, anahesabu franga zake, anakamata pompi moja tu, ile ya bluu. Hiyo anaijua, inamufungulia pumzi palepale. Ile ingine haoni kazi yake, tena jirani alimwambia iko na kortizoni, inavimbisha mutu.

Kwa hiyo uamuzi wa dawa ulifanyika, lakini ulifanyika mbele ya famasi, na munganga hakujua kitu.

Pumu inavimbisha na kukaza njia za pumzi ndani ya mapafu. Salbutamoli, mara nyingi ndiyo ile ya bluu, inafungua njia kwa saa chache, lakini uvimbe unabaki. Unaopunguza uvimbe ni dawa ya kuvuta yenye kortizoni, kama beklometazoni. Inafanya kazi polepole, na mutu anaitumia kila siku hata akijisikia muzuri. Ndiyo maana tangu mwaka 2019 GINA, kundi la wataalamu wa dunia juu ya pumu, haishauri tena mutu mukubwa kutibiwa na salbutamoli peke yake.

Na hofu ya kortizoni? Si upumbavu, ni swali la kuuliza. Kipimo cha kuvuta ni kidogo sana kupita kile cha vidonge. Baada ya kuvuta, sukutua mudomo na maji, tema, ili usipate utando mweupe mudomoni. Mama yetu angeliuliza, angelijibiwa hivyo.

Wamarekani walilipima jambo hili. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2010, watu wakubwa 612 ambao pumu yao ilikuwa inawasumbua waligawanywa. Wale waliochagua dawa pamoja na muhudumu wao, kufuatana na maisha na uwezo wao, walizitumia vizuri kupita wale walioamuliwa.

Hapa kwetu tunajua gharama ya kutouliza watu. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, tulipoteza watu zaidi ya 2.200. Timu zilipofika na kuamuru, watu walifunga milango. Pumu si Ebola, lakini mutu asiyeulizwa anafanya vilevile: anaitika, kisha anaenda kufanya yake.

Sasa, nini cha kumwambia munganga? Pesa kwanza, bila haya. “Dokta, mwezi huu ninaweza kununua moja tu.” Hapo anaweza kutafuta dawa ingine ao kuwaambia ipi haiwezi kukosa. Mwambie pia kama unapikia makala ndani ya nyumba, kama uko muendesha moto kwenye vumbi la barabara ya Butembo–Beni, kama unatumia dawa ya majani. Kama mutoto anashindwa kuvuta vizuri, uliza juu ya chupa ya plastiki ya nusu litre: wanganga wa Afrika Kusini walionyesha mwaka 1999 kwamba ikitobolewa na kufungwa vizuri kwenye pompi, inasaidia dawa kufika ku mapafu.

Lakini jambo kubwa ni usiku. Pumu inapenda kukamata usiku, na watu wa Beni na vijiji vyake wanajua, tangu mauaji ya mwaka 2014, kwamba kutoka usiku si jambo la kuamua haraka. Muliongee kabla: pompi gani isikose nyumbani, kuvuta mara ngapi, kituo gani cha karibu, jirani gani ataamshwa. Na alama ambazo hazingoji asubuhi: mutu hawezi kumaliza sentensi, midomo inageuka bluu, ao pompi haimusaidii tena. Omba munganga aandike hayo kwenye karatasi, na mutu mwengine wa nyumba ajue kuisoma.

Ukirudi kwake, beba pompi yako, uvute mbele yake. Wengi wanavuta vibaya kwa miaka bila mutu kuwaangalia.